Boti ya kwanza Marekani: lipi la jimbo, lipi la Walinzi wa Pwani, na wewe uchague nini

Kila mwaka ukifika mwezi wa nne simu yangu huanza kulia. Theluji imeyeyuka, mtu kaona boti ya alumini imeegeshwa kando ya barabara na kibao cha bei, kapiga picha, kanitumia. Swali huwa lilelile: "Kaka, hii naiandikisha wapi? Kwa Walinzi wa Pwani au hapahapa kaunti?"

Naishi Kentucky, jimbo lisilo na pwani hata inchi moja. Lakini Lexington na Louisville zimejaa Waswahili: watu wa Uvira, watu wa Baraka, wa Bujumbura, na sisi wa Kigoma. Mtu aliyekua anaamka na kuliona Ziwa Tanganyika hawezi kukaa ugenini miaka kumi bila kutafuta maji. Akipata kazi ya kudumu na gari lenye nguvu ya kuvuta tela, kinachofuata ni boti.

Nimeamua kuandika mara moja nimalize. Mengi hapa ni ya Kentucky na majirani zake, maana ndiko ninakovua, lakini mfumo ni mmoja nchi nzima. Aliye Texas au Minnesota abadilishe jina la ofisi tu, kisha asome sheria ya jimbo lake.

Nani anashika nini

Watu hudhani Walinzi wa Pwani (Coast Guard, kikosi cha serikali kuu) ni wakubwa na jimbo ni wadogo, basi ukimalizana na mkubwa umemalizana na wote. Sivyo kazi ilivyogawanywa. Mwaka 1958 sheria ya Congress, yaani bunge la taifa, iliwapa majimbo kazi ya kuzipa namba boti za injini, kwa mtindo mmoja uliowekwa na serikali kuu. Mwaka 1971 ikaja sheria kubwa ya usalama wa boti, na mgawanyo wa leo umejengwa juu yake. Kwa lugha ya gatini: boti yenyewe ni ya Washington, dereva ni wa jimbo.

Boti yenyewe, maana yake jinsi inavyoundwa. Jimbo haliruhusiwi kujitungia kiwango chake cha uundaji kinachotofautiana na cha serikali kuu. Lingeruhusiwa, kiwanda kimoja kingelazimika kuunda boti hamsini tofauti kwa majimbo hamsini. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, chungulia ndani ya boti yoyote ya injini iliyo chini ya futi 20, karibu na usukani au upande wa tezi, yaani nyuma. Utakuta kibati kidogo kinachosema watu wangapi, uzito wa pauni ngapi, na injini isizidi HP (nguvu za farasi) ngapi. Hicho kibati ni amri ya serikali kuu kwa kiwanda. Nyuma, kwenye tezi upande wa kulia, kuna herufi na tarakimu 12 zilizochongwa kwenye bodi. Hiyo ndiyo namba ya kuzaliwa ya boti, na mtindo wake pia umetoka Washington. Kabla hujatoa hela, linganisha herufi hizo na karatasi za muuzaji moja baada ya moja. Nimeona mtu akinunua boti ambayo namba yake ilikuwa imesuguliwa kwa msasa. Alibaki nayo uani kama sanamu.

Dereva ni wa jimbo: umri wa kuendesha, cheti, mwendo, wapi huruhusiwi kuchapuka, ulevi. Na askari utakayekutana naye majini, mara tisa kati ya kumi kwa uzoefu wangu, ni wa jimbo. Hapa Kentucky ni wa idara ya samaki na wanyamapori, walewale wanaokuuliza leseni ya kuvulia. Walinzi wa Pwani wapo, tena makao yao ya bonde la Mto Ohio yako Louisville, mbali kabisa na bahari. Lakini hawana watu wa kukaa kwenye kila bwawa, kwa hiyo serikali kuu inawapa majimbo fedha wafanye kazi hiyo.

Fedha zenyewe zinatoka mfukoni mwako bila wewe kujua. Kodi ya mafuta ya boti, na kodi iliyofichwa ndani ya bei ya ndoano na fimbo ya kuvulia, huingia mfuko mmoja wa taifa. Sehemu yake hurudi kwa majimbo kama ruzuku ya usalama wa boti: theluthi inagawiwa sawasawa kwa wote, theluthi kwa kuangalia idadi ya boti zilizoandikishwa katika jimbo, na theluthi kwa kuangalia jimbo lenyewe limetumia kiasi gani. Ruzuku haizidi nusu ya gharama, nusu nyingine jimbo lijitafutie. Jimbo lisilotoa chake halivuni.

Kuna na chama cha wakuu wa boti wa majimbo, NASBLA, kilichoanzishwa mwaka 1960, ambacho kazi yake ni kuhakikisha sheria za majimbo zinafanana na kozi za madereva zina kiwango kimoja. Ofisi zake ziko Lexington, katika mji uleule tunaonunulia sombe na unga wa muhogo. Wengi wetu hupita bila habari.

Mtu wa Zanzibar atanielewa haraka kuliko wa bara, maana kwao vyombo vya baharini vina mamlaka yao, ZMA, wakati bara kuna TASAC. Ila huku hawakugawana nchi tu. Wamegawana kazi ndani ya chombo kilekile.

Karatasi: kaunti au Falling Waters?

Hapa ndipo penye uchaguzi wa kweli, na ndipo watu wanapopotea.

Njia ya kwanza ni ya jimbo. Hapa Kentucky unakwenda kwa karani wa kaunti, dirisha lilelile la magari, na karatasi ya umiliki. Unapewa namba inayoanza na KY na stika, na stika inakwisha tarehe 30 Aprili kila mwaka (ndiyo sababu ya zile simu). Hakuna anayekuuliza uraia. Mwenye grinikadi, mkimbizi aliyefika mwaka jana, wote wanaandikisha.

Njia ya pili ni daftari la taifa la Walinzi wa Pwani, ambalo ofisi yake iko Falling Waters, West Virginia. Huko boti haipewi namba ya jimbo. Inapewa cheti cha taifa, jina, na bandari ya nyumbani, kama meli. Masharti ni mawili magumu. Boti iwe na tani 5 au zaidi, na tani hizi ni za ujazo, usiipeleke kwenye mizani. Kwa kawaida boti za kuanzia futi 25 hivi ndizo zinazofikia. La pili, mmiliki awe raia wa Marekani. Grinikadi haitoshi. Mkiwa wawili mmenunua pamoja, mmoja raia na mwingine bado, mlango umefungwa kwa wote wawili.

Kwa hiyo wengi wenu mnaonipigia simu hamna cha kuchagua. Boti ya futi 16 haifiki tani 5 hata ukiijaza samaki. Nenda kaunti.

Mwenye boti kubwa na uraia ndiye wa kulinganisha. Cheti cha taifa mara ya kwanza ni dola 133, kisha dola 26 kwa kila mwaka wa kuhuisha, na kwa boti ya starehe unaweza kulipia hadi miaka mitano kwa mkupuo. Faida yake ya kwanza ni benki: ukikopa fedha nyingi kununua boti, benki hupenda boti iliyo kwenye daftari la taifa, kwa sababu rehani yake inasimama imara kisheria popote boti itakapokwenda. Mara nyingi benki ndiyo inayoamua, si wewe. Faida ya pili ni safari za nje, mtu anayevuka kwenda Bahamas au maji ya Canada, maana cheti kinaonyesha wazi kwamba chombo ni cha Marekani. Ya tatu ni urembo, omo (mbele ya boti) inabaki safi bila tarakimu kubwa. Wapo watu wanaolipa kwa ajili ya hiyo ya tatu tu.

Hasara sasa. Watu wanadhani cheti cha taifa kinawaondolea jimbo. Majimbo mengi bado yatakudai kodi yao, na mengine stika yao juu. Unaishia kulipa madirisha mawili. Hasara nyingine ni barua. Daftari la taifa ni la wazi, yeyote anaweza kulisoma, na kuna makampuni yanayokaa yakilisoma. Rafiki yangu mmoja, mwenye boti ya futi 28 kule Tennessee, aliletewa bahasha yenye tai mwekundu na bluu, maneno ya kutisha ya tarehe ya mwisho, na ankara ya zaidi ya dola mia kwa kuhuisha mwaka mmoja. Nusura alipe. Nilimwambia aangalie jina la mtumaji kwa herufi ndogo pale chini: kampuni binafsi. Kuhuisha kwa Walinzi wa Pwani wenyewe ni zile dola 26. Hao wengine wanakufanyia kazi ya dakika kumi kwa bei ya wiki.

Hukumu yangu: usiende daftari la taifa ila benki ikulazimishe au uwe unatoka nje ya nchi kweli. Anayevua Lake Cumberland, bwawa la hapahapa Kentucky, na kurudi nyumbani jioni, cheti cha taifa atakitundika ukutani tu.

Jambo la kukumbuka kwa wa kaunti: namba inabandikwa omo, pande zote mbili, herufi za inchi 3 kwenda juu, za kusimama wima, rangi inayoonekana dhidi ya rangi ya boti, na nafasi kati ya KY, tarakimu, na herufi za mwisho. Zisomeke kutoka kushoto kwenda kulia pande zote mbili. Shemeji yangu alinunua herufi za inchi 2 za sanduku la barua, akabandika kwa urembo uliolala lala kama hati ya mwaliko wa harusi. Askari wa kwanza aliyekutana naye alimrudisha gatini kuzibandua. Mtindo huo wa inchi 3 ni wa serikali kuu, jimbo linausimamia tu, kwa hiyo hata ukihamia Oregon utaukuta.

Ukihama au ukizurura: boti iandikishwe katika jimbo inakotumika zaidi. Namba ya Kentucky inakubalika Ohio au Tennessee ukiwa mgeni, lakini ukikaa huko zaidi ya siku 60 mfululizo, hesabu yako inaanza kubadilika.

Jaketi la mtoto: sheria ipi ifuatwe?

Hili nalipenda kwa sababu linaonyesha ushirikiano wao kwa namna ambayo mtu hategemei.

Kanuni ya serikali kuu inasema mtoto wa chini ya miaka 13 avae jaketi okozi muda wote boti inapotembea, isipokuwa yuko chini ya sitaha au ndani ya chumba kilichofungwa. Lakini kanuni hiyohiyo inaendelea kusema: jimbo likiwa na sheria yake ya umri, basi katika maji ya jimbo hilo inafuatwa ya jimbo, hata askari wa Walinzi wa Pwani akikusimamisha. Mkubwa kampisha mdogo kwa maandishi.

Matokeo yake ni kachumbari. Kentucky ni chini ya miaka 12 akiwa kwenye sitaha ya wazi. Ohio ni chini ya miaka 10, kwenye boti zilizo chini ya futi 18. Minnesota chini ya 10. Texas chini ya 13 kwenye boti zilizo chini ya futi 26. Florida chini ya 6, nayo kwenye boti chini ya futi 26. New York na Pennsylvania huongeza la msimu wa baridi: kuanzia Novemba mosi hadi majira ya kuchipua, kwenye boti ndogo, hata mzee mwenye mvi anavaa.

Sasa weka hiyo kwenye Mto Ohio. Mpaka wa Kentucky na majirani wa kaskazini haupo katikati ya mto kama mtu anavyofikiri. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1980 kwamba mpaka ni pale maji yalipoishia yakiwa yamepungua, upande wa kaskazini, kama palivyokuwa mwaka 1792. Yaani unatazama majengo ya Cincinnati kwa karibu, unadhani uko Ohio, kumbe sehemu kubwa ya maji unayoelea ni ya Kentucky. Nani anakaa kwenye boti na mtoto wa miaka 11 akipiga hesabu za mwaka 1792?

Ushauri wangu hauhitaji kikokotoo. Chukua 13, ya serikali kuu, iwe sheria ya boti yako kila mahali. Utakuwa umefunika karibu kila jimbo. Kisha uvae na wewe. Takwimu za Walinzi wa Pwani za mwaka 2023 zinaonyesha watu 564 walikufa katika ajali za boti za starehe nchi nzima. Robo tatu ya wale ambao chanzo cha kifo chao kilijulikana walizama, na katika kila 100 waliozama, 87 hawakuwa wamevaa jaketi. Jaketi mara nyingi lilikuwemo botini, likiwa limekaliwa. Nasi watu wa ziwa ndio wabaya zaidi kwa hili: "Mimi naogelea tangu nikiwa mtoto." Tanganyika ina maji ya uvuguvugu mwaka mzima. Ingia maji ya Kentucky mwezi wa tatu uone kama mikono itakutii.

Na angalia lebo ndani ya jaketi, iseme limeidhinishwa na Walinzi wa Pwani wa Marekani. Lile la bei poa la mtandaoni lisilo na maneno hayo halihesabiki mbele ya askari wa jimbo wala wa taifa. La mtu mzima kwa mtoto pia halihesabiki, linampanda shingoni yeye anabaki chini. Boti ya futi 16 na kuendelea ibebe pia kimoja cha kurusha, boya au mto maalumu, kikae karibu na mkono.

Darasa: mtandaoni au ana kwa ana?

Serikali kuu haimdai dereva wa boti ya starehe leseni. Kila jimbo lina lake. Kentucky inadai cheti kwa vijana wa miaka 12 hadi 17 wanaoendesha injini ya zaidi ya HP 10. Ohio inadai kwa kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1982 au baada yake, injini ya zaidi ya HP 10. Indiana wanataka leseni ya udereva wa gari kwa injini ya zaidi ya HP 10. New York na California, tangu Januari 2025, ni karibu kila anayeshika usukani wa boti ya injini. Mwelekeo ni mmoja, wanabana polepole, na Minnesota nao wameanza mwaka 2025.

Njia ziko mbili. Ya mtandaoni unasoma usiku baada ya zamu, unajibu maswali, unachapisha cheti. Ni rahisi, na kwa kijana aliyesoma hapa inatosha. Ya ana kwa ana mara nyingi hufundishwa na wazee wa Auxiliary, wasaidizi wa kujitolea wa Walinzi wa Pwani. Kikosi hicho kimekuwepo tangu mwaka 1939, hakina bunduki wala mamlaka ya kukamata mtu. Ni wastaafu wenye boti zao, na wana subira ya ajabu.

Nilifanya zote mbili. Ya mtandaoni nilifaulu bila kujua kufunga fundo moja. Darasani mzee mmoja alinishikisha kamba, akanifanya nifunge mara kumi, kisha akachora ubaoni boti mbili zinazokutana na kuuliza nani ampishe nani. Mimi nilijua tangu Ujiji kwamba mwenye injini kubwa hapishi mtu. Ikabidi nijifunze upya.

Kwa aliyefika ukubwani na Kiingereza chake kinakwama kwenye maandishi, nasema darasa. Mwalimu unaweza kumuuliza tena, skrini huwezi. Mradi kozi iwe imeidhinishwa na NASBLA, cheti chake kinakubalika karibu majimbo yote. Hapo ndipo ile kazi ya Lexington inapokufaa: unasomea Kentucky, unaendesha Ohio. Na hata kama umri wako unakusamehe, chukua tu. Katika vifo vya mwaka 2023 ambapo elimu ya dereva ilijulikana, kiasi cha robo tatu vilitokea kwenye boti ambazo dereva wake hakuwahi kufundishwa usalama.

Ukaguzi: wa hiari au wa kushtukizwa?

Auxiliary hao hao watakukagulia boti bure, gatini au hata uani kwako. Wanatazama majaketi, kizimamoto, taa, fataki za dharura kama unakwenda maji makubwa, namba za omo, karatasi. Ukipungukiwa, wanakuandikia orodha ukanunue. Hawapigi faini wala hawapeleki jina lako popote. Ukikamilika unapewa stika ya mwaka huo. Stika hiyo haimzuii askari kukusimamisha, ila atakapokusimamisha utakuwa na kila kitu.

Wa pili ni huyo askari. Walinzi wa Pwani wana mamlaka ya kupanda chombo chochote cha Marekani kukikagua bila kuwa na shaka yoyote juu yako. Kwa mgeni jambo hili linatisha. Nimeona ndugu zetu wakiona boti ya bluu na nyekundu wanaongeza mwendo. Usifanye hivyo hata kidogo. Zima mwendo, mikono ionekane, jibu unachoulizwa, waonyeshe majaketi. Mara nyingi dakika kumi na tano zimekwisha.

Kuhusu kizimamoto, wengi wanakamatwa hapa: vile vya kutupwa baada ya kutumika, tangu mwaka 2022 kanuni ya taifa inavipa miaka 12 tu tangu mwaka uliochongwa kitakoni. Boti ya mtumba huja na kizimamoto cha mtumba. Kigeuze usome.

Kati ya ukaguzi huu miwili sioni cha kubishania. Waite wazee mwezi wa tano.

Kamba ya kuzimia injini

Fupi hili. Tangu tarehe 1 Aprili 2021, dereva wa boti iliyo chini ya futi 26 yenye injini ya HP 3 au zaidi na swichi ya dharura lazima ajifunge ile kamba nyekundu ikiwa boti inakwenda kasi, ili akianguka injini izime. Ni sheria ya taifa, kwa hiyo ina nguvu katika maji yaliyo chini ya serikali kuu, kama Mto Ohio. Kwenye bwawa lililo la jimbo peke yake inategemea kama jimbo limetunga yake, na majimbo hayajafanana. Mwenye duka la boti aliwahi kuniambia "huku haituhusu". Labda kweli. Propela haijui mpaka uko wapi.

Ajali ikitokea, unamwambia nani?

Jimbo. Hata kama Walinzi wa Pwani ndio waliokuvuta, taarifa ya maandishi unaipeleka kwa mamlaka ya boti ya jimbo ilikotokea. Mtu akifa ndani ya saa 24, au akapotea, au akaumia kiasi cha kuhitaji zaidi ya huduma ya kwanza, una saa 48. Hasara ya mali tupu, kuanzia dola 2,000 au boti ikaangamia, una siku 10. Jimbo linapeleka nakala kwa Walinzi wa Pwani, nao wanazikusanya kuwa kitabu cha takwimu cha kila mwaka. Zile 564 zimetoka humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 idadi ilikuwa ikipita 1,400 kwa mwaka, na boti zilikuwa chache kuliko sasa.

Wengine hukaa kimya wakiogopa karatasi zao za uhamiaji. Taarifa hii ni ya boti, inauliza nini kilitokea na nani aliumia. Kutoitoa ndilo kosa.

Mwaka jana shemeji yule wa herufi za harusi aliniita kwenye bwawa la Herrington kuizindua boti yake. Kibati kilisema watu 5 au pauni 700. Gatini walisimama tisa, wamebeba vyungu vya wali, na mzee mmoja wa Baraka tayari ana mguu mmoja ndani.

"Mzee, tisa hatuingii," nikamwambia.

"Kwetu tulikuwa tunaingia thelathini na mizigo."

"Najua, mzee. Na mimi nimetoka huko."

Alinyamaza. Akautoa mguu. Tukaenda wanne, tukarudi, wakaenda wengine wanne. Safari zote mbili mzee alikuwa gatini, amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, jaketi limefungwa hadi kidevuni, akisema anangojea ya tatu yenye nafasi.